Basi Lililowafuata Watoto wa Ursoaia

Tangazo lilibandikwa kwenye njia panda ya Gura Văii, kwenye bango pana kuliko nyumba ya padri: “Kuanzia Septemba hii, hakuna mtoto wa Ursoaia atakayekwenda shule bila basi.” Pembeni ya maneno hayo alikuwa Mheshimiwa Eusebiu Mocanescu, mbunge wa jimbo, amefumbata mikono, anatabasamu kwa meno yote aliyojaliwa.

Tangazo halikudanganya. Kila asubuhi watoto kumi na mmoja wa Ursoaia waliteremka mlima kilomita saba kwa miguu mpaka shuleni, na nyuma yao basi jipya la manjano likawafuata polepole, tupu, taa zimewashwa.

Mheshimiwa alilipenda basi hilo kama mwanawe. Bungeni Bucharest, mji mkuu wa Romania, alisimama mara arobaini na moja kuutetea Mfuko wa Taifa wa Kuwainua Wanafunzi Wasiojiweza, na mara mbili alitokwa na machozi. Alipigania fedha za mabweni, za vitabu na za mabasi. Lakini kazi aliyojivunia kuliko zote ilikuwa kifungu cha kumi na nne, alichokitunga mwenyewe: chombo chochote kilichonunuliwa na Mfuko kisimbebe, kisimkalishe wala kisimnufaishe mtu yeyote, kwa sababu yoyote, kabla hakijazinduliwa hadharani na mbunge wa eneo husika.

Wenye husuda walisema ni majivuno. Wangejua yaliyompata kwenye shule moja ya bondeni, wangenyamaza. Alikwenda pale kuzindua kompyuta, akakuta watoto wamekwisha kuzitumia wiki tatu. Alipobonyeza kitufe kisicho chenyewe, katoto ka darasa la pili kakamsogeza mkono na kumwonyesha kilipo. Hakuna aliyepiga makofi. Siku hiyo Mheshimiwa alitambua kwamba msaada uliozoeleka haushukuriwi, na akarudi Bucharest kuutafutia ugonjwa huo dawa ya kisheria.

Basi lilifika Septemba, likafungwa utepe wa rangi tatu, likasubiri. Mheshimiwa hakuwa na nafasi. Kulikuwa na kongamano la wiki nzima, katika hoteli ya ufukweni, kuhusu sababu za watoto wa mlimani kuacha shule. Likafuata kongamano la kutathmini kongamano. Wakati huo dubu mmoja akaonekana mara tatu kwenye kona ya kinu cha zamani, na betri ya basi ikaanza kufa kwa kukaa bure. Ofisi ya mkoa ikatatua mambo yote mawili kwa barua moja: basi litembee nyuma ya wanufaika na kuwamulikia njia.

Dereva wake, Toader, mwanakijiji wa Ursoaia mwenye masharubu ya mvi, aliitii barua. Oktoba alikosea mara moja tu. Alimpandisha mtoto aliyeteguka kifundo cha mguu, akambeba mita mia tatu. Wiki iliyofuata alipokea onyo lenye saini ya Mheshimiwa mwenyewe: akirudia, leseni inakwenda.

Novemba, uchaguzi wa Jumapili ulipobakiza siku tano, nafasi ilipatikana.

Mpango ulikuwa mzuri. Mheshimiwa angepanda Ursoaia alfajiri kwa gari lake jeusi, angewapa wazazi mkono, kisha angeongoza msafara kuteremka mpaka shuleni, kwenye padri, kamera ya televisheni ya mkoa, na mkate na chumvi vya kumkaribishia. Saa kumi na mbili na robo, kwenye kijito cha mwisho kabla ya nyumba za kwanza, jiwe lilipasua tumbo la gari jeusi na mafuta yote yakamwagika majini. Simu haikushika mtandao. Mkokoteni pekee wa farasi ulikuwa umekwenda mjini na viazi.

Mheshimiwa hakubabaika. Alitembea mpaka uani kwa Toader, ambako basi lilikuwa linanguruma na watoto wamekwisha kujipanga mbele yake, akashika mpini wa mlango. Mlango haukufunguka. Toader alishusha kioo.

“Habari za asubuhi, Mheshimiwa.”

“Nzuri, mzee wangu. Fungua tuteremke.”

“Siwezi. Halijazinduliwa.”

“Si ndiyo nakwenda kulizindua?”

“Basi ukishalizindua nitakupeleka hata Bucharest.”

Mheshimiwa alicheka kidogo, cheko la mtu anayewajua wananchi wake. “Mzee, unajua unazungumza na nani?”

“Na mwenye kifungu cha kumi na nne.” Toader alichomoa karatasi iliyokunjwa mara nne. “Umeniandikia mwenyewe hapa. ‘Mtu yeyote, kwa sababu yoyote.’ Yule mtoto mguu ulikuwa umevimba kama kabichi, ukasema sikuwa na sababu. Wewe mguu wako una nini?”

“Basi tukate utepe hapa hapa. Niletee kisu.”

“Kamati ya mapokezi ni watu watano, na wote wako chini. Tukikata wenyewe ni kuharibu mali ya Mfuko. Kifungu cha kumi na tano.”

“Upuuzi gani huo? Nani aliuandika?”

Toader aliikunja karatasi yake. Watoto waliinama wakatazama buti zao.

“Sheria ni msumeno, Mheshimiwa,” alisema Toader kwa upole. “Vaa koti lako vizuri, huko kwenye kona kuna upepo.”

Hivyo ndivyo Mheshimiwa Eusebiu Mocanescu alivyopata fursa adimu ya kukagua utekelezaji wa sera kwa karibu. Giza lilikuwa halijatoka. Aliyewaongoza alikuwa Sânziana, msichana wa darasa la nane, mrefu, mwenye kengele ya ng'ombe mkononi. Alimpa maelekezo machache, kama anavyopewa mgeni yeyote.

“Tembea katikati. Usisimame kwenye kona. Na uimbe, dubu hapendi kushtukizwa.”

“Niimbe nini?”

“Wowote unaoujua mpaka mwisho.”

Mheshimiwa aliujua mpaka mwisho wimbo mmoja tu, wa kampeni yake. Akauimba. Watoto waliitikia kiitikio bila kinyongo, kwani kila Jumamosi gari la matangazo lilipita kijijini na kuwalisha wimbo huo kwa nguvu. Kilomita ya pili, kiatu chake cha kulia, kilichotoka Italia, kilifunguka mdomo. Ya tatu, kiatu kilibaki matopeni na mwenyewe akaendelea. Nyuma yake basi lilinguruma kwa subira, viti ishirini na viwili vimefunikwa nailoni, joto limewashwa ili vioo visipate ukungu.

“Mheshimiwa, ongeza mwendo kidogo,” alisema Sânziana.

“Mwanangu, kiongozi hakimbii.”

“Mimi nina kumi na tisa.”

“Miaka?”

“Kuchelewa. Nimechelewa mara kumi na tisa. Mvua ikinyesha njia inateleza, hatufiki saa mbili. Leo nikichelewa ni ishirini, nafutwa kwenye Mfuko. Mfuko ndio utakaonilipia bweni mjini mwakani. Ukinifuta siendi sekondari. Mama keshasema nitabaki kukamua ng'ombe.”

Mheshimiwa alikijua kifungu hicho. Cha ishirini: mnufaika akichelewa mara ishirini katika muhula, ameonyesha kutokuwa na ari. Alikitetea kwa dakika kumi na mbili, na bunge lilimpigia makofi.

“Kile kiliwalenga wavivu,” alisema, akihema.

“Sasa leo mvivu ni nani?” Msichana aliuliza kwa sababu alitaka kujua.

Mheshimiwa aliona haya. Yalikuwa haya ya kweli, yakampanda mpaka masikioni, na kwa kuwa hakuyazoea alidhani ni baridi. “Basi tangulieni,” alisema. “Kimbieni. Mimi nitakuja taratibu.”

“Haturuhusiwi. Taa zinamfuata wa mwisho, na mbele ya taa ni giza na dubu.” Sânziana alitikisa kengele yake. “Wa mwisho ni wewe.”

Walifika saa mbili na dakika thelathini na tano. Wasichana waliovalia blauzi zilizotariziwa walimpita Mheshimiwa na mkate wao na chumvi yao, wakamkabidhi Toader, wakidhani ndiye. Kamera ilikuwa imekwisha kurekodi: bwana mmoja mwenye kiatu kimoja anachechemea mbele ya taa za basi tupu, akiimba jina lake mwenyewe. Padri alinyunyiza maji ya baraka, mkasi ukaletwa juu ya mto, utepe ukakatwa. Makofi yalikuwa ya wastani.

Mheshimiwa alipokikaribia kipaza sauti, Bi. Lăcrămioara, mwalimu mkuu, aliwahi kutandaza daftari kubwa kwenye meza ya mkate. Alikuwa mwanamke wa taratibu, aliyeishi na mihuri miaka thelathini.

“Kabla ya hotuba, Mheshimiwa. Daftari la mahudhurio linafungwa saa tatu. Watoto kumi na mmoja wamechelewa. Nahitaji sababu.”

“Andika kwamba walikuwa na mimi.”

“Sababu zinazokubalika ni tano tu. Ugonjwa, msiba, mafuriko, mnyama wa mwitu, janga.” Aliipitisha kalamu kwenye safu, akampima Mheshimiwa kwa macho toka juu mpaka kwenye soksi, akatia alama. “Janga. Hili linataka saini ya kiongozi anayelithibitisha.”

Kamera ilisogea. Mheshimiwa alimtazama Sânziana, aliyekuwa amesimama kando, kengele ameibana kifuani isilie, midomo imekauka. Akatia saini mara kumi na moja.

“Ahsante,” alisema Bi. Lăcrămioara, akafunua kurasa nyuma mpaka Septemba. “Zimebaki mia mbili na sita.”

“Hizo si za leo.”

“Tarehe si za leo. Sababu ni ile ile.”

Mheshimiwa alitazama kamera. Taa yake nyekundu ilikuwa inawaka. Akavuta kiti, akaketi, akasaini Septemba, akasaini Oktoba, akathibitisha janga asubuhi baada ya asubuhi mpaka vidole vikaganda. Mstari wa mwisho wa Sânziana ulipopata saini, msichana alishusha pumzi kwa nguvu hata padri akageuka, akaiweka kengele mezani karibu na mkate, akaingia darasani kwenye somo la hesabu.

Ikabaki safu moja mwishoni mwa ukurasa. Iliuliza: “Je, janga limekwisha kuondolewa?” Mheshimiwa, aliyetaka sana kwenda nyumbani, aliinua kalamu aandike ndiyo. Bi. Lăcrămioara akaweka kiganja chake juu ya karatasi, kwa heshima zote.

“Hiyo iache, Mheshimiwa,” alisema. “Hiyo tutaijaza wenyewe Jumapili.”