Myunani na Mikarafuu ya Mkwe Wangu

Jumamosi, 3 Oktoba 1998. Nizwa, Oman.
Harub tena! Shemeji yangu huyu ni mwalimu, na tangu aone kwenye televisheni mchezo wa Myunani mmoja wa kale, hana habari nyingine. Eti kafa miaka elfu mbili na mia nne iliyopita, na watu bado wanajaza kumbi kuvicheka vichekesho vyake. Eti aliwasuta wakubwa wa mji wake nao wamekaa mbele wanamtazama. Mimi nimeandika barua za ofisi miaka kumi na tisa, na mkuu wangu bado ananiita Humaid. Mimi ni Ghanim!
Nimeamua. Nitatunga mchezo wa kuchekesha, na jina langu litadumu.

Jumatatu, 5 Oktoba.
Mada tayari: mkwe wangu, Mzee Amur wa Ibra, na shamba lake la Unguja. Mwaka juzi alituambia aliacha huko mikarafuu mia nne alipohamia Oman. Mwaka jana mia tisa. Idi iliyopita elfu mbili! Katika mchezo wangu kuna bwana ambaye mikarafuu yake huzaana akilala. Kisiwa kikajaa, ya ziada akaipanda baharini. Nimecheka peke yangu ofisini.
Nitaucheza Alhamisi, kwenye karamu ya ukoo huko Ibra. Mke wangu Aliya kaiona bakora niliyonunua, sawa na ya mkwe. Kasema nikimchezea baba yake shere, nitarudi Nizwa peke yangu. Nimemwambia ni ya kuchungia mbuzi. Hatuna mbuzi.

Alhamisi, 8 Oktoba. Ibra.
Harub aliahidi kunitambulisha kwa dakika moja. Nusu saa nzima ya Myunani! Jina langu hakulitaja. Nikaingia na bakora, nikakohoa kama mkwe. Vijana hawakuelewa kitu. Hala, mpwa wa Aliya, alimuuliza mama yake kwa Kiarabu mkarafuu ni mnyama gani. Lakini Mzee Sinan, jirani aliyeacha shamba lake Pemba, alicheka mpaka kofia ikamdondoka.
Mkwe hakucheka. Akauliza, "Nani kaandika haya?"
Aliya, mlangoni na wanawake wenziwe, kanikazia macho. Sifa ya milele huku, mke kule.
"Myunani," nikasema.
Mkwe akafikiri. Akatabasamu. "Wallahi, kamjua Sinan barabara."
Akaanza kumwombea Myunani rehema, mpaka Harub alipomnong'oneza kuwa hakuwa Muislamu. Watu wakampigia Myunani makofi. Mimi, mtunzi mwenyewe, nikaambiwa nipitishe kahawa. Inauma!

Ijumaa, 9 Oktoba.
Tumerudi kwa gari, Aliya kando yangu. Tulipokaribia Nizwa kasema Myunani huyo anakohoa kama baba yake. Kisha kageukia dirishani, mabega yanamtikisika kwa kicheko. Nimeponea chupuchupu.

Jumamosi, 10 Oktoba.
Mkwe kapiga simu. Anataka mchezo mwingine wa Myunani, karamu ijayo. Ukoo mzima unamngoja. Unamngoja yeye!
La. Sasa zamu yangu. Leo ofisini nimemaliza kurasa tatu: mama mkwe anaingia jikoni kwa binti yake na kukitia chumvi kila chungu. Juu kabisa nimeandika Ghanim, kwa wino mwekundu. Mama mkwe ni mcheshi, hawezi kukasirika.
Aliya kauliza naandika nini. Nimemwambia orodha ya mbuzi.