Kabichi Zisizoliwa za Kasri la Valbrune

Kwa Mheshimiwa Bwana Thibault de Cernoy,
Mwenye Kasri la Valbrune na bustani zake zote.

Mheshimiwa,

YAH: KUFUKUZWA BUSTANINI KWA MWANANGU FIRMIN, MWENYE UMRI WA MIAKA MIWILI NA NUSU

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na paa lako halivuji. Sisi huku chini hatujambo, isipokuwa mtoto. Jina langu ni Maëlle Gaudin. Tunakaa kwenye nyumba za mapangoni, zilizochimbwa ndani ya mwamba, mlango wenye pazia la kijani, chini kabisa ya ukuta wako. Ukisimama dirishani ukatema mate, yanatufikia. Sisemi kwamba unatema.

Jumapili iliyopita, ile ambayo wanakijiji huingia bure, nilikuja kutembea bustanini na mume wangu Bastien, mama mkwe wangu Josiane, na huyo Firmin. Mheshimiwa, Firmin tangu aache kunyonya hajala kitu cha kijani, wala chekundu, wala cha njano. Anakula mkate na siagi, basi. Nesi wa kliniki alipompima alinitazama mimi badala ya mizani. Mwezi wa tisa anaanza chekechea, na mpishi wa pale habembelezi mtu: asiyekula mboga hurudi kwao na njaa yake. Nimemkaangia, nimempondea, nimemwimbia nyimbo za karoti. Wapi.

Sasa pale kwenye bustani yako ya mboga, nilipoinama kufunga kiatu, Firmin alipita chini ya kamba, akaikumbatia kabichi ya zambarau kama anamkumbatia shangazi, akaitia meno. Akatafuna. Akameza. Akarudia. Machozi ya furaha yakaanza kunitoka, na hapo ndipo mlinzi wako Bwana Pruvost alipokuja mbio akipuliza filimbi.

"We mama! Mwanao anakula urithi wa taifa!"

"Mwache amalize, kaka," Bastien akamwambia. "Urithi huo una vitamini."

Mama mkwe naye akasema kwamba katika ukoo wao mzima, huyu ndiye wa kwanza kupata urithi wowote. Bwana Pruvost hakucheka. Alimchomoa mwanangu jani mdomoni kwa vidole vyake mwenyewe, akatutoa kwa lango la nyuma, akasema tusimrudishe mtoto mpaka ajue adabu. Firmin alilia hadi nyumbani, na tangu siku hiyo karudia mkate wake.

Kwa heshima, malalamiko yangu ni haya:

1. Kwamba kabichi zako haziliwi. Nimeuliza, nikajibiwa kuwa zinapandwa kwa ajili ya rangi, za zambarau huku, za kijivu kule, ili wageni wapande juu ya ukuta wazipige picha. Mheshimiwa, kabichi inayozaliwa, ikakua, ikazeeka bila kuonja chungu, hiyo ni mboga au ni binti mfalme? Zikichoka zinang'olewa na kutupwa shimoni, zioze, ziwe mbolea ya kabichi nyingine ambazo nazo haziliwi. Mimi sikusoma sana, niliacha shule mapema nikaenda kuchuma uyoga mapangoni. Lakini hata uyoga, unaokaa gizani maisha yake yote, unajua unakokwenda.

2. Kwamba mbwa wako, yule mwenye masikio marefu, anazunguka humo humo na kuinua mguu kwenye kabichi hizo hizo. Nimemwona kwa macho yangu. Hakupigiwa filimbi. Maana yake mbwa anaruhusiwa kuongeza, ila mwanangu haruhusiwi kupunguza.

3. Kwamba una vijana wenye mikasi wanaoinyoa miti yako mwaka mzima iwe mayai, iwe pia za kuchezea, iwe kofia za maaskofu. Hao wanalipwa na kusifiwa. Firmin amekata jani moja, kwa meno yake, bila mshahara, na ameitwa mharibifu.

4. Bwana Pruvost mwenyewe. Tunamjua. Ni mtu wa hapa hapa kijijini, kwake anapanda maharagwe na anayala kama binadamu. Akishavaa ile kofia ya kazini, anatuangalia kana kwamba yeye ndiye yule bwana wa kasri aliyekatwa kichwa na babu zetu wakati wa mapinduzi.

5. Hili ndilo zito. Kile kidude mnachowavalisha wageni masikioni kinasema kasri hili lilijengwa na bibi mkubwa wa zamani, aliyependa maua. Alijenga kwa jiwe la wapi? Kila mtoto wa bonde hili anajua kwamba mawe yenu meupe yalichimbwa kwenye mwamba wa chini, na mashimo yaliyobaki ndiyo nyumba zetu. Yaani, Mheshimiwa, kasri lako limetoka chumbani kwangu. Nimekaa nikafikiri, mnara wako wa kushoto, kwa ukubwa wake, ni jiko letu. Ile ngazi ya kuzunguka, mnayoisifia sana, ni pale tunapoweka kuni. Basi Firmin hakuingia kama mwizi. Alikuja kutazama kuta za kwao, na mwenyeji akisikia njaa haombi ruhusa kwa mgeni.

Kwa hiyo naomba, kwa upole, kamba ile iondolewe, na mwanangu aruhusiwe kuingia na kula kabichi mpaka ashibe. Ikishindikana, turudishiwe mawe yetu. Hatuna haraka. Waanze na mnara, ila wasiyateremshe mchana mtoto akiwa amelala.

Naamini utanielewa. Nasikia nawe una wajukuu huko Paris, na kwamba mmoja wao hali samaki.

Nisalimie mke wako, vijana wa mikasi, yule dada muuza tiketi mwenye kikohozi (ajaribu asali), na mbwa pia, kosa si lake. Bwana Pruvost sina salamu zake, ila mkewe aambiwe kwamba jamu yake ya plamu tuliipenda.

Ni mimi jirani yako wa chini, kwa heshima yote iliyonibakia,

Maëlle Gaudin,
mama yake Firmin.

Nyongeza: Kabla sijabandika stempu, Bastien amerudi kutoka sokoni na kabichi ya zambarau, pacha kabisa wa ile yako. Tumempa Firmin, mbichi, kwa upole, "kula, baba." Kageuzia uso ukutani. Mama mkwe akachukua kamba ya kuanikia nguo, akaizungushia sahani yenye kabichi, akasema, "Marufuku." Firmin akageuka. Akanyoosha mkono. Ila bibi yake alipojaribu kufoka kama Bwana Pruvost, mtoto akacheka, akaurudisha mkono. Sauti ya bibi yake anaijua.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, kamba usiiondoe. Ongeza ya pili. Kabichi zisiliwe kabisa, na mawe kaa nayo, tumeshazoea shimo. Ninachoomba sasa ni kuazimwa Bwana Pruvost, saa ya chakula cha mchana, pamoja na kofia na filimbi yake. Naye tutamwekea sahani. Ila umwombe asije akatabasamu mbele ya mtoto.