Krit na Mwalimu wa Meza ya Nne

Chuo cha udaktari kule Khon Kaen kilipotangaza kwamba mihadhara itasomwa mtandaoni na upasuaji wa maiti utabaki ana kwa ana, wanafunzi walibishana hadi wali ukapoa. Huyu alisema mtandao unaokoa muda, yule alisema unaleta usingizi. Krit hakuwa na maoni. Yeye aliona biashara.

Ikawa kila asubuhi anaketi kwenye kibanda cha saladi ya papai, simu za wenzake mbele yake, akihudhuria kwa majina yao huku wenyewe wakikoroma. Walimlipa kuku wa kuchoma na petroli ya pikipiki. Nywila zao zote alikuwa nazo, maana aliyelala hana siri.

Tatizo lilikuwa chumba cha maiti. Mle wanafunzi huwainamia marehemu waliotoa miili yao kwa masomo, huwavisha mashada ya maua na kuwaita Walimu Wakubwa, na asiyefikisha vipindi haruhusiwi mtihani. Krit alipangiwa meza ya nne. Daktari wetu mtarajiwa alikuwa anaogopa harufu.

"Ploy, dada yangu," alimbembeleza msichana wa meza ya pili, "nisainie huko, mimi nikuhudhurie mtandaoni. Bure."

"Meza ya nne? Haya, kaka. Hata hivyo huwa napita pale kusalimia."

Krit hakuuliza anamsalimia nani.

Kisha chuo kikataka maoni: mtindo huu uendeleeje? Mfanyabiashara hakosi nafasi ya kupanua duka. Krit akajaza fomu za wateja wake wote. Wote wakausifu mtandao na kuomba chumba cha maiti kifungwe.

Profesa Wilai, msimamizi wa chumba cha maiti, alizisoma akashangaa, kwani mwanafunzi wa udaktari asiyelalamika hajazaliwa bado. Akamwita Ploy pembeni mle chumbani.

"Umeandika kwamba Walimu Wakubwa wamepitwa na wakati, miili ichomwe tusonge mbele. Kweli ni wewe?"

Ploy akaitazama meza ya nne. Machozi yalimlenga, hasira ikayawahi.

"Nimebadili mawazo, Profesa," alisema.

Jioni alimpitia Krit kibandani, akamnunulia hata kuku.

"Kaka, unachoka mno na kazi zetu. Usijisumbue kwenda kule. Niachie mimi."

"Una moyo wa dhahabu, dada."

"Nimerithi kwa babu."

Tangu siku hiyo hakumsainia hata kipindi kimoja. Krit aliendelea kunenepa, akiwahudhuria watu wote isipokuwa Krit.

Wiki ya mtihani jina lake halikuwamo kwenye orodha. Alimkimbilia Profesa, lakini angesema nini? Kwamba aliyemwomba amdanganyie, amemdanganya yeye?

"Una njia mbili," Profesa akamwambia. "Urudie mwaka, au ufidie vipindi vyote kabla miili ya Walimu Wakubwa haijachomwa."

"Nifidie mtandaoni, Profesa?"

"Ana kwa ana. Si mliniandikia mtandao unawaokolea muda?"

Kwenye meza ya nne Ploy alikuwa akimsubiri na shada la maua ya yasmini. Akamtia mkononi.

"Inama vizuri," alisema. Kisha akamgeukia marehemu kwa upole. "Babu, mwanafunzi wako amefika. Ndiye yule aliyeandika kwa jina langu kwamba umepitwa na wakati."

Krit akainama hadi paji la uso likagusa ukingo wa meza, akabaki hapo muda mrefu, kwa aibu kwanza, halafu kwa sababu akiinuka ingebidi avute pumzi.