Kidole Kila Mapigo Manne

Jumatatu, 3 Juni
Kiongozi wa bendi ametangaza: kila mpigaji akapimwe masikio. Atakayefeli atapumzishwa miezi mitatu. Eti spika zinatumaliza. Miaka kumi na miwili napiga solo mbele ya spika kubwa, leo nipumzishwe! Anayechekelea ni Pamba, yule wa gitaa la pili, anayejiziba masikio kila onyesho. Anaimezea mate nafasi yangu. Kweli, kuna mlio kichwani mwangu usiokoma, lakini hilo nimeliambia daftari hili peke yake. Naogopa.

Jumanne, 4 Juni
Mbinu imepatikana! Mpiga tarumbeta kashapimwa. Kasema unafungiwa kwenye kijumba, unavaa hedifoni, ukisikia mlio mdogo unanyoosha kidole. Nikamchokonoa: milio inakuja kila baada ya muda gani? Akakuna kichwa, akasema labda kila mapigo manne. Mapigo manne! Nani wa kunifundisha kuhesabu mapigo? Nimefanya mazoezi jikoni. Mke wangu kauliza namnyooshea nani kidole.

Jumatano, 5 Juni
Nimepimwa. Milio miwili ya kwanza niliisikia kweli, nikashika mwendo. Moja, mbili, tatu, nne, kidole. Sikuyumba hata kidogo. Raha ikanizidi, nikafumba macho. Nilipofumbua, mpimaji alikuwa kasimama mlangoni, kikombe cha chai mkononi. Mashine alishaizima.

“Kaka, muda wote huu ulikuwa unasikia nini?”

Nikasema nina masikio makali. Hakucheka. Akanieleza taratibu kwamba milio ya juu nimeshaipoteza na haitarudi, na nisipojiziba nitapoteza na iliyobaki. Nilitaka kulia. Badala yake nikaomba kurudia. Kanipa Jumatatu.

Ijumaa, 7 Juni
Mpaka nirudie kipimo sipandi jukwaani, basi Pamba kapiga solo yangu kwenye harusi. Kapiga vizuri, mshenzi. Halafu kaniletea viziba masikio vipya kabisa, akaniomba nivivae ili nirudi upesi. Mnafiki! Nimevisokomeza chini ya mguu wa meza ya jikoni. Imeacha kuyumba.

Jumamosi, 8 Juni
Kosa langu nimeligundua: sikufanya mazoezi ya kutosha. Shemeji kanitafutia rekodi ya milio ya kipimo. Kwenye simu sikusikia kitu. Nikaazima spika ya bendi, nikafungulia mpaka mwisho, nikaweka sikio karibu. Naisikia yote! Nimeisikiliza tangu asubuhi. Majirani wamejaa dirishani, midomo inakwenda. Mke wangu kanipa karatasi: ameniita mara sita, sigeuki. Nimemwandikia hapo chini kwamba asiwe na wasiwasi, Jumatatu nafaulu.