Mwezi Wangu na Maji ya Kilifi

Ijumaa, 5 Septemba

Leo nimezaliwa upya. Nimejiandikisha kwenye mashindano ya Kilifi! Kwanza kuogelea kwenye hori, ule mkono wa bahari unaopita chini ya daraja. Halafu baiskeli mpaka Tezo na kurudi. Halafu mbio Kibarani. Yote asubuhi moja, Jumamosi ya wiki ijayo.

Shekha, mke wangu, aliniuliza kama nina homa. Nikamweleza mpango. Nafungua chuo cha kufundisha watu wazima kuogelea. Malindi yetu nzima iko ufukweni, na nusu ya watu wake wanaogopa maji yakifika magotini. Wateja tele! Kilichobaki ni kupata chumba chetu cha mbele kiwe ofisi. Akanikumbusha wale kamba niliowafuga Dabaso, wakafa wote kabla sijamaliza kuchora kibao cha kampuni. Akanikumbusha na juisi yangu ya ukwaju iliyopasua chupa kwenye harusi ya watu. Mwanamke huyu hasahau kitu.

Mwisho akatoa shuruti. Nikimaliza mashindano, chumba ni changu. Nisipomaliza, Jumatatu yake naingia kwenye duka la kaka yake, Umair, kuuza misumari. Nilikubali kabla hajafunga mdomo. Misumari! Mimi Awadh!

Jumapili, 7 Septemba

Balaa. Umair naye amejiandikisha. Daktari kamwambia apunguze mwili. Amekuja na sahani ya mkate wa sinia, akaniambia kwa upole kwamba ameshanitengea kiti nyuma ya kaunta, chenye mto, kwa sababu ya mgongo wangu. Mto! Mtu huyu hajanitukana hata siku moja. Ndiyo maana simwezi.

Tulikwenda pamoja Kilifi kwa mazoezi. Anayetufundisha ni Mbeyu, binti wa Kigiriama wa Kibarani. Siku ya mashindano atakuwa kwenye mtumbwi wa kuokoa watu. Alinitazama nikiogelea, akasema naogelea kama mtu aliyeangusha funguo. Umair aliogelea chali, tumbo juu, taratibu, huku akitabasamu. Akafika kabla yangu. Huko si kuogelea. Huko ni kuelea.

Jumatano, 10 Septemba

Nimepata dawa! Si nguvu, ni akili.

Marehemu babu alinifundisha hesabu ya maji. Mwezi kumi na tano, yaani siku ya kumi na tano tangu mwezi kuandama, bahari hujaa saa kumi alfajiri, na kila siku inayofuata huchelewa kama dakika hamsini. Jumamosi ni mwezi ishirini na moja, Mfungo Sita. Kwa hivyo bahari itajaa mpaka saa tatu asubuhi. Sisi tunaingia majini saa mbili. Saa nzima maji yatakuwa yakiingia horini kuelekea darajani, na darajani ndiko tunakomalizia kuogelea! Wenzangu watafuata maboya kandokando, kwenye maji yaliyolala. Mimi nitakwenda katikati, kilindini, mkondo unibebe bure.

Waandalizi wamebandika karatasi: bahari itajaa saa mbili na dakika chache, kisha maji yaanze kutoka. Nikacheka peke yangu. Hao wamefuata mwezi wa Umair!

Maana ukoo wetu una miezi miwili. Mimi nilianza kuhesabu Jumapili, pale mwezi ulipotangazwa ng'ambo. Umair alingoja auone kwa macho yake, akaanza Jumatatu. Kwake yeye Jumamosi ni mwezi ishirini tu. Kila mwaka ni ugomvi huohuo. Mimi nakula biriani ya Idi, yeye bado kafunga, ananitazama. Kumbe sasa hata waandalizi wako upande wake. Haya. Nimenyamaza kimya. Waache waelee.

Ijumaa, 12 Septemba

Tumefikia Kilifi kwa shangazi yake Shekha. Umair aliniona nikikodolea macho kilindi, akaniita pembeni. Akasema maji ya kilindini si ya mchezo, shemeji, tufuate maboya pamoja, yeye atanisubiri. Nikamshukuru. Moyoni nikasema: ogopa wewe.

Lakini mimi pia naogopa kidogo. Si maji. Naogopa uso wa Shekha nikishindwa tena. Zamani nikiharibu alikuwa anapiga kelele mpaka majirani wanatoka nje. Siku hizi anasema “haya,” basi, anaendelea kukunja nguo. Hiyo “haya” yake inaniuma kuliko kelele zote.

Jumamosi, 13 Septemba

Naandika nimelala kifudifudi. Kukaa siwezi.

Asubuhi nilijipaka mafuta ya nazi mwili mzima ili niteleze majini. Filimbi ikalia. Wenzangu kandokando, mimi katikati. Mwanzo, raha! Daraja lilikuwa linakuja lenyewe. Nilimpungia Umair mkono. Nikageuka chali nipumzike kidogo.

Nilipoinua kichwa, daraja limerudi nyuma.

Nikadhani ni macho. Nikapiga mikono kwa nguvu zangu zote. Daraja likazidi kuwa dogo. Maji yalikuwa yanatoka! Saa mbili na dakika chache, vilevile kama ilivyobandikwa! Bahari nzima imefuata mwezi wa Umair!

Nilipiga ukelele ambao sitaki kuueleza. Mbeyu akaja mbio na mtumbwi, akauliza kama napanda. Sheria ni hii: ukishika mtumbwi upumzike, ruhusa, ukipanda, umetoka mashindanoni. Nikashika. Mkono ukateleza. Mafuta! Nikashika tena, nikateleza tena, nikanywa maji ya kutosha mwezi mzima. Mbeyu akanyoosha mkono anivute. Nikakumbuka ule mto kwenye kile kiti. Nikakumbuka “haya.” Nikamwambia sipandi, hata nikifika Bara Hindi. Alinitolea maneno ya Kigiriama ambayo nashukuru siyajui, halafu akaniamrisha niache kushindana na mkondo, nikate upande mpaka ufukweni, nianze upya kwa maboya. Hata kidogo sikubisha. Alinifuata boya kwa boya mpaka nikatoka.

Kwenye baiskeli mikono ilikuwa inateleza kwenye usukani. Nilianguka mchangani kabla ya Tezo, na baada ya Tezo pia. Mafuta na mchanga! Nilikuwa kama samaki aliyepakwa unga, tayari kwa kikaango.

Kibarani nilikimbia, nikatembea, nikakimbia. Mama mmoja muuza mahamri alishangaa, akasema wenzangu walipita zamani, sasa mimi nafukuzwa na nani.

Nilipofika mwisho, hapakuwa na mwisho. Utepe umeondolewa. Viti vimepakiwa kwenye lori. Saa imezimwa. Nikasimama pale njiani, nikajua Jumatatu ni misumari.

Ndipo nikawaona. Shekha alikuwa amevua leso yake aliyojitanda. Ncha moja kashika yeye, ncha nyingine kashika Umair, medali shingoni, wameitandaza katikati ya njia. Mbeyu yuko kando, anapiga makofi. Shekha alikuwa analia. Wala hakusema “haya.” Alipiga kelele mpaka watu wa lori wakageuka: kimbia wewe mwanamume, kimbia!

Nikakimbia. Nikaivaa ile leso kwa kifua. Nililia mbele za watu, na sioni haya.

Jumatatu, 15 Septemba

Kesi ilisikilizwa jana baada ya chakula. Waandalizi wameandika kwamba nilichelewa, sihesabiwi. Nikajitetea: shuruti ilikuwa kumaliza, saa haikutajwa. Mara Umair, huyuhuyu Umair, akasimama upande wangu. Akaapa kwamba yeye mwenyewe alishika leso na aliniona nikiipita. Shekha akacheka mpaka akashika ukuta, akanipa ufunguo wa chumba cha mbele. Ila ameongeza masharti: hesabu za mwezi zikome, na jambo lolote nishauriane naye kwanza. Nikaapa kwa moyo mmoja.

Leo nimefungua ofisi. Nimekaa humo asubuhi nzima nikitafakari kosa langu. Si mwezi. Mwezi wangu ni sawa, bahari ndiyo iliyowahi. Kosa ni kwamba shindano lilikuwa fupi mno. Lingekuwa refu, maji yangegeuka tena, yakanirudisha mpaka darajani bila jasho!

Basi nimetafuta refu. Lipo! Kuogelea Malindi mpaka Watamu, baharini kabisa, timu ya watu watatu, na kila timu inachagua siku yake. Siku nimeichagua mimi, kwa mwezi wangu. Majina nimeshayapeleka: Awadh, Umair na Shekha. Nitawaambia Ijumaa, wakishashiba.

Shekha hajui kuogelea. Si neno. Mumewe ana chuo.