Matofali ya Povu

Mhandisi Mzungu wa machimbo ya bati kule Kyerwa alipofungasha kurudi kwao, aliacha jikoni kopo la unga mweupe. Ulikuwa utomvu wa kiwandani uitwao silikoni, wa kukingia mabomba ya moto. Gaudiosus, mpishi wake, alishaona maajabu yake: ukiupasha moto unayeyuka, unatoa povu, unaumuka kama maandazi, kisha unakauka kuwa tofali jepesi lisiloshika moto.

Mwaka huo, 1956, kahawa ilikuwa na bei, na kila mtu Omurushaka alitaka nyumba ya matofali. Gaudiosus akawasha jiko la mkaa sokoni.

"Kikombe kimoja, tofali moja," alisema kwa sauti ya mhubiri. "Debe moja, chumba. Magunia mawili, nyumba nzima na choo chake."

Akachota unga wa kopo, akautia sufuriani; povu likapanda hadi likafunika sufuria. Watu wakarudi nyuma, kisha wakasogea wakisukumana. Kufikia adhuhuri alishauza pakiti arobaini. Unga wa ndani ya pakiti ulikuwa safi kabisa, tena umechekechwa: wa muhogo.

Ndipo akaja Adelgunda, mjane mfugaji wa Mabira, akivuta ng'ombe wa pembe ndefu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Pakiti sizitaki. Nataka hilo kopo unalochotea."

"Hili ni la maonyesho tu, mama."

"Ndiyo maana nalitaka. Chukua ng'ombe."

Gaudiosus akakitazama kiwele kilivyojaa. Akakunja uso kama mtu anayeonewa, akatoa kopo, akashika kamba haraka.

Kwenye mteremko wa Ihembe ng'ombe aligeuka ghafla, akamburuta migombani mpaka kamba ikamponyoka. Gaudiosus alifuata alama za kwato siku mbili, akamkuta Mabira, uani kwa Adelgunda, akinyonyesha ndama.

"Mama, ng'ombe wangu ametoroka."

"Hajatoroka, amemfuata mtoto wake," Adelgunda akasema. "Mwaka huu nimemuuza mara tatu. Hakuna aliyefika naye kwake."

"Basi nirudishie kopo."

"Yustus wa dukani kanipa baiskeli, nikampa." Akamwekea kibuyu cha maziwa. "Kunywa upesi. Wale wanaopanda kilima wanakuulizia. Wanasema matofali yao yamekuwa ugali."

Gaudiosus alikunywa yote, akashukuru kwa adabu, akavua viatu na kutimka kupitia migombani.

Adelgunda akawapokea wageni mlangoni. "Karibuni," akasema. "Mnayemtafuta ameshaondoka. Ila kuna ng'ombe hapa anauzwa."