Mpango wa Kumstaarabisha Kocha Lindqvist

Jumanne, 11 Juni

Habari kubwa! Bi. Doreen Paquette, mkubwa kutoka klabu mama ya ligi kuu ya besiboli inayoilea klabu yetu ndogo, atakuwa uwanjani kwetu Ijumaa. Anatafuta kocha msaidizi, na atakayepimwa ni baba yangu: Stan Lindqvist, kocha mkuu wa timu yetu, Korongo wa Marlow. Baba amezeekea ligi ndogo, akizunguka jimbo lote la Iowa kwa basi. Hajawahi kuitwa juu, ligi kuu, si kama mchezaji, si kama kocha. Hii ndiyo nafasi yake ya mwisho. Alisema hivyo mwenyewe, akitazama pembeni.

Kwa bahati njema, anaye mwana msomi. Mimi ni mhitimu wa Usimamizi wa Michezo na ofisa mawasiliano wa klabu hii hii (majukumu: kutangaza soseji kwenye kipaza sauti). Nimezichambua kasoro za Baba. Anatema maganda ya mbegu za alizeti. Anajikuna tumbo hadharani. Kubwa kuliko yote, anagombana na waamuzi hadi wanamtoa uwanjani. Hakuna kocha wa ligi yetu anayemkaribia kwa kutolewa. Aibu iliyoje!

Jumatano, 12 Juni

Somo la kwanza, jikoni. Nimemfafanulia kwamba uongozi wa kisasa ni utulivu. Akauliza nani atawatetea vijana wakionewa. Nikajibu: hoja, kwa sauti ya wastani. Kahawa ikampalia kwa kicheko. Kisha akasema, "Haya, profesa. Kwa ajili yako, sitafoka."

Ameahidi! Nimempa sentensi ya kukariri: "Naheshimu uamuzi wako, ingawa ningefurahi kupata ufafanuzi."

Alhamisi, 13 Juni

Mbegu za alizeti nimezificha. Mahali pake, zabibu kavu. Baba amelalamika kwamba zabibu hazina cha kutema. Ndiyo maana!

Peguero, kijana wetu kutoka Jamhuri ya Dominika mwenye mbio kuliko wote, amenivuta kando na kuniuliza kama Mzee anaumwa, kwa sababu mazoezini alimwambia "tafadhali". Nimemjibu kuwa haya ni mageuzi. Akasema, "Kaka, turudishie yule wa zamani. Huyu ananitisha."

Watu hawa hawajazoea maendeleo.

Ijumaa, 14 Juni

Nianzie wapi?

Peguero alikuja mbio kufunga pointi, akateleza kwa tumbo, mkono wake ukagusa kituo cha mwisho kabla ya mpira kufika. Uwanja mzima uliona. Mwamuzi, Hal Gustafson, hakuona. Alirusha ngumi hewani: ametoka, hakuna pointi!

Watu wakasimama kumsubiri Baba. Watoto wakapandishwa mabegani. Baba akatoka polepole kama anayekwenda kupokea komunyo. Akavua kofia. Akaisema sentensi yangu neno kwa neno. Gustafson akarudi nyuma na kumuuliza kama kifua kinambana, aitwe daktari. Wachezaji wetu wakainamisha vichwa. Mtu akapaza sauti jukwaani: "Stan, amka! Tumelipa kiingilio!"

Nilikuwa nimeketi kando ya Bi. Paquette, nikitabasamu. Yeye alikuwa akitafuta funguo za gari. Akasema aliambiwa kuna kocha huku aliye tayari kufa kwa ajili ya vijana wake, na huyo ndiye aliyemfuata. Huyu mpole hamhitaji.

Sijui nilivukaje uzio. Najua tu kwamba suti mpya ilichanika makalioni. Nilianza na "Kwa heshima zote", nikaishia kuyatukana macho ya Gustafson, miwani yake na ukoo wake mzima. Akanikamata kola, akawaita walinzi: "Kitoeni hiki kitoto kabla sijakikunja!"

Hapo ndipo Baba alipolipuka. "Hal! Mwachie mwanangu! Kipofu mkubwa wewe, hata mbwa wa kukuongoza angeacha kazi!" Kofia chini. Akaikanyaga. Akalala kifudifudi mavumbini kuonyesha mkono wa Peguero ulipogusa, akasimama, akalala tena kwa faida ya waliokaa nyuma. Uwanja ukarindima.

Tukatolewa sote wawili, Baba amenishika bega. Nilipogeuka, Bi. Paquette alikuwa amesimama juu ya kiti, akipiga mbinja.

Jumamosi, 15 Juni

Amepata kazi! Simu imeingia asubuhi. Baba alisema "ndiyo" moja tu, akaingia bafuni, akafungulia maji kwa muda mrefu. Alitoka na macho mekundu, akalaumu sabuni.

Peguero amenipongeza kwa kufuata damu ya baba yangu. Nimemsahihisha. Bila utulivu nilioujenga mimi, mlipuko ule usingekuwa na athari. Ni mbinu.

Jumapili, 16 Juni, Siku ya Akina Baba

Baba anaondoka kesho. Jioni aliniita nyuma ya nyumba turushiane mpira, jambo ambalo hatukuwa tumelifanya tangu niingie chuo. Hakusema mengi. Mimi pia nilijitahidi. Hata hivyo, wajibu ni wajibu: nilimweleza kwamba kiwiko chake kinapanda mno, kinyume na utafiti wa sasa.

"Kweli, mwanangu?"

Kweli kabisa. Nilimwomba arushe kwa nguvu zake zote ili nimwonyeshe kosa.

Naandika kwa mkono wa kushoto. Kidole cha mkono wa kulia, kilichoupokea mpira, kimevimba kama nyanya. Baba amekifunga barafu, amenibusu utosini, ameniita mpumbavu wake mpenzi. Kesho mimi ndiye dereva wake hadi uwanja wa ndege. Njia ni ndefu, milango itakuwa imefungwa, na hatakuwa na pa kukimbilia. Suala la kiwiko tutalimaliza.